Uso Uache wa Mwisho: Mwongozo Kamili wa Kuisoma Picha Rasmi ya Mfalme

Ukiingia ofisi yoyote ya serikali, au hata duka la vifaa vya ujenzi, picha ya rais utaikuta juu. Haiwekwi usawa wa kiti wala kando ya kalenda ya saruji. Inawekwa karibu na dari, mahali ambapo hata kuipangusa vumbi kunahitaji stuli. Mwenye duka hakusomea sanaa. Anajua tu kwamba mkubwa hawekwi chini.

Mwongozo huu unaanzia kwenye ujuzi huohuo wa mwenye duka na kuupeleka kwenye picha za rangi za mafuta za wafalme wa Ulaya, zile ambazo wengi wetu huzipita haraka kwenye simu tukisema, "Mzee huyu na wigi lake!" Mfano wetu mkuu ni mmoja: picha ya Louis XIV wa Ufaransa, kazi ya mchoraji Hyacinthe Rigaud ya mwaka 1701, ambayo leo iko Louvre, Paris. Picha nyingine nitaziita kila zitakapohitajika kutoa ushahidi.

Kanuni ni moja, nayo utaiona ngumu mwanzoni: uso uache wa mwisho. Tumezoea kumtambua mtu kwa uso, kwa hiyo macho hukimbilia huko yenyewe. Lakini katika picha rasmi ya mfalme, uso ndiyo sehemu iliyopewa kazi ndogo kuliko zote. Madaraka yamewekwa kwingine: kwenye kimo, kwenye miguu, kwenye kitambaa, kwenye namna mkono ulivyoshika kitu. Ukianza na uso, unamwona mzee wa miaka 63. Ukianzia chini na kupanda taratibu, utamkuta mzee huyohuyo ukiwa umeshamwinamia.

Utakavyohitaji ni vichache: picha kubwa na safi (tovuti ya makumbusho ya Louvre inayo, na kuitazama ni bure), tepu ya kupimia, chaki, penseli na karatasi. Tenga saa nzima. Dakika kumi hazitoshi.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kutazama

Kosa la kwanza la wanaotazama picha hizi kwenye simu ni kusahau kwamba simu imezipunguza. Louis XIV kwenye skrini ana urefu wa kidole. Picha yenyewe ina kimo cha sentimita 277 na upana wa sentimita 194.

Namba hizo hazisemi kitu mpaka uzichore. Mimi nilichukua tepu na chaki nikaenda ukuta wa nyuma wa nyumba. Niliweka mstari wa chini sentimita 80 kutoka ardhini, kama picha inavyoweza kutundikwa ukumbini, kisha nikapanda juu mpaka 277 zikatimia. Ilibidi niazime ngazi kwa jirani, naye akaja kuuliza kama nafungua dirisha. Baada ya hapo nilikadiria mahali mfalme anaposimama ndani ya mstatili ule: viatu hapa, goti hapa, kiuno pale. Nilipojisogeza ukutani na kutazama mbele bila kuinua shingo, macho yangu yalikuwa magotini pake.

Mpaka hapo hujaiona rangi hata moja, na tayari umeshapangiwa nafasi yako. Ili umwone usoni, lazima uinue kidevu, nawe ukiinua kidevu kumtazama mtu, mwili wako umeshakiri kitu ambacho mdomo haujakisema.

Kwa hiyo, kila picha ya kifalme utakayokutana nayo, andika kwanza vipimo vyake na mahali ilipokusudiwa kutundikwa. Picha ya Charles I wa Uingereza akiwa juu ya farasi, kazi ya Anthony van Dyck iliyoko National Gallery, London, ina kimo cha meta tatu na nusu na ushei. Charles alikuwa mtu mfupi. Van Dyck hakumrefusha kwa uongo wa wazi; alimpandisha farasi, kisha yeye mchoraji akakaa chini na kumchora kutoka huko. Katika picha nyingine ya mfalme huyohuyo, iliyoko Louvre, Charles ameshuka farasi yuko mawindoni, na farasi ameinamisha kichwa nyuma yake. Ukiambiwa kwamba farasi alikuwa anakuna mguu, sawa. Lakini kichwa cha mnyama mkubwa kimekuwa chini ya kofia ya mtu mfupi, na aliyeamua iwe hivyo ni mchoraji.

Hatua ya 2: Anza miguuni

Hapa ndipo picha ya Rigaud ilipo tamu, kwa hiyo tukae kidogo.

Tazama: joho kubwa la kutawazwa limetupwa nyuma ya bega, na miguu imeachwa wazi kuanzia mapajani. Soksi ndefu za hariri nyeupe zimebana sawasawa. Viatu vyeupe vina visigino virefu vyekundu, rangi iliyokuwa alama ya watu wa tabaka la juu katika baraza lake. Mguu mmoja umetangulia, na unyayo umegeuzwa nje.

Huko kugeuza unyayo nje ni mkao wa mcheza dansi. Louis alikuwa mcheza dansi hodari ujanani. Mwaka 1653, akiwa na miaka 14, alicheza mbele ya baraza lake katika onyesho la usiku kucha, na mwishoni akatokea amevaa kama Jua linalochomoza. Jina la Mfalme Jua lilimganda maisha yake yote. Basi miguu hii inawakumbusha watazamaji wa 1701 jambo walilolijua: huyu ndiye yule.

Sasa weka kando unachokiona na ujiulize kilichokuwa kweli mwaka huo. Mzee wa miaka 63 mwenye jongo, ugonjwa ambao kwanza humshika mtu miguuni. Mchoraji angeweza kuificha miguu hiyo bila mtu kumuuliza kitu, maana joho la kutawazwa ni refu na lingefunika kila kitu mpaka chini. Badala yake akalifungua palepale penye udhaifu, akaweka miguu ya kijana. Jifunze kulitafuta jambo hili katika kila picha: mahali ambapo mwili wa mtawala ulikuwa umechoka, mara nyingi ndipo picha inapojitapa zaidi.

Ukitaka kulithibitisha, nenda kwa Henry VIII wa Uingereza. Hans Holbein alimchora mwaka 1537 kwenye ukuta wa jumba la Whitehall, London. Jumba liliungua mwaka 1698 na picha ikaenda nalo, ila nakala zimebaki, pamoja na karatasi kubwa ya Holbein mwenyewe aliyoitumia kuhamishia mchoro ukutani. Henry hana taji kichwani wala fimbo ya enzi mkononi. Ana miguu tu, imepanuliwa kama ya mtu aliyesimama mlangoni kukuzuia usipite, na mabega mapana kama kabati. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameanguka vibaya katika mchezo wa mikuki juu ya farasi, na vidonda vya mguu vilimtesa mpaka mwisho wa maisha yake. Tena kuna jambo dogo la kupendeza: kwenye karatasi ile uso umegeuka kidogo pembeni, lakini kwenye nakala za picha yenyewe uso unatazama mbele moja kwa moja. Kati ya karatasi na ukuta, mtu aliamua kwamba mfalme akukabili wewe.

Hatua ya 3: Hesabu kitambaa

Chukua penseli. Nasema hesabu, na maana yangu ni hesabu kweli.

Ndani ya joho la Louis kuna manyoya meupe yenye vidoa vyeusi. Ni ya mnyama mdogo wa nchi za baridi ambaye majira ya theluji hugeuka mweupe mwili mzima isipokuwa ncha ya mkia. Kila kidoa cheusi ni mkia mmoja, na kila mkia ni mnyama mmoja aliyewindwa wakati wa baridi peke yake, maana kiangazi rangi yake haifai. Hesabu vidoa katika mkunjo mmoja tu, kisha kisia vilivyo vyote. Nilifika mahali nikaacha, na nadhani kuacha ndiko kulikokusudiwa.

Sasa tazama jinsi joho lilivyowekwa. Upande wa nje ni buluu yenye maua ya yungiyungi ya dhahabu, nembo ya wafalme wa Ufaransa. Lakini limegeuzwa ili upande wa ndani uonekane kwa wingi. Mtu wa kawaida akiwa na kitenge kizuri huonyesha upande wa nje; huyu anakuonyesha bitana, na bitana yake peke yake ni utajiri wa kijiji. Chini ya joho amevaa nguo za siku zake, pamoja na lesi shingoni na mkononi. Yaani anavaa mambo mawili kwa pamoja: joho la kale, ambalo ni la kiti, na nguo za leo, ambazo ni za Louis.

Usidhani lakini kwamba wingi ndiyo njia pekee. Ng'ambo ya milima, Hispania, mambo yalikuwa kinyume. Diego Velázquez alimchora mfalme wake Philip IV amesimama na nguo nyeusi, kola nyeupe ya kawaida, karatasi mkononi, basi. Hana taji, na hakuna manyoya wala kiti cha enzi. Huyu alikuwa bwana wa himaya iliyozunguka dunia, na picha haijisumbui kukuambia. Nyeusi iliyokolea yenyewe ilikuwa rangi ya gharama kuitia kwenye kitambaa, na waliotakiwa kujua walijua. Watu wa pwani yetu hawahitaji maelezo marefu hapa: joho jeusi lenye ukingo mwembamba wa dhahabu linatosha kuwanyamazisha watu barazani.

Na Rigaud mwenyewe alizijua lugha zote mbili. Louis alipopata nafasi ya kumweka mjukuu wake kwenye kiti cha Hispania, Rigaud alimchora kijana yule kabla hajaondoka, akamvisha nyeusi na kola ya Kihispania. Mchoraji ni yuleyule, na wakati karibu ni uleule. Babu akapewa mawimbi ya manyoya, mjukuu akapewa ukimya.

Hatua ya 4: Mkono umeshikaje?

Vyombo vya enzi vinajulikana kwetu. Siwa ya Pate iliyochongwa kwa pembe ya ndovu, na ile ya shaba ya Lamu, hazikupulizwa kwa kila mpita njia. Kupuliziwa siwa kulikuwa tangazo la nani ni nani. Kwa mfalme wa Ufaransa vyombo hivyo vilikuwa taji, fimbo ya enzi, fimbo ya pili yenye kiganja kichwani inayoitwa mkono wa haki, na upanga uliosemwa kuwa wa Charlemagne, mfalme wa karne nyingi nyuma. Vyote vimo kwenye picha ya Rigaud. Watu wengi wakishavitaja huona kazi imekwisha. Kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu vyombo hivyo angeweza kuchorwa navyo mfalme yeyote. Swali ni amevishikaje.

Louis amevishika ovyo, kwa makusudi. Taji halipo kichwani. Liko kwenye mto pembeni, pamoja na ule mkono wa haki. Upanga wa Charlemagne unaning'inia kiunoni na kuchungulia kwenye manyoya kama kitu cha kila siku. Fimbo ya enzi ameigeuza kichwa chini, ncha yenye ua imesimama kwenye mto, naye ameiegemea kama bakora. Ilikuwa fimbo ya babu yake, Henry IV. Mkono mwingine uko kiunoni.

Mgeni akikaribishwa sebuleni hukaa ncha ya kochi, kikombe amekishika kwa mikono miwili. Mwenye nyumba hujinyoosha na kuweka mguu mezani. Louis ni mwenye nyumba. Alirithi kiti mwaka 1643 akiwa hajafikisha miaka mitano, na alipochorwa picha hii alikuwa amekikalia miaka 58. Hana sababu ya kung'ang'ania fimbo.

Mlinganishe na mgeni. Mwaka 1806 Jean-Auguste-Dominique Ingres alimchora Napoleon akiwa kwenye kiti cha enzi. Napoleon alikuwa na miaka miwili tu tangu ajitawaze. Ana shada la dhahabu kichwani, fimbo ndefu katika mkono mmoja, mkono wa haki katika mwingine, upanga ubavuni na manyoya mpaka shingoni. Kila kitu kimeshikwa na kila kitu kimesimama wima. Mahali pa maua ya yungiyungi ya wafalme aliowarithi bila kuzaliwa nao wapo nyuki wa dhahabu, nembo iliyookotwa kutoka kaburi la mfalme wa kale zaidi yao. Picha ilipoonyeshwa Paris haikupendwa. Wakosoaji waliona ni ngumu, ya kizamani, kama sanamu. Mimi naiona ni kazi ya ajabu, ila nakubaliana na wakosoaji kwa jambo moja: huyu bwana ameshika vitu vingi mno. Mtu aliyetulia hashiki vitu vyote kwa mpigo.

Kwa hiyo kwenye karatasi yako chora mikono miwili peke yake, bila mwili. Andika kando: ameshika, ameegemea, amegusa, au ameacha? Kadiri mkono ulivyolegea, ndivyo picha inavyodai haki ya zamani zaidi.

Hatua ya 5: Nyuma yake

Hapa tupite haraka, kwa sababu nguzo na pazia utavikuta kila mahali. Nguzo husema uimara. Pazia zito lililoinuliwa husema kwamba umefunuliwa kitu ambacho kwa kawaida hukioni. Chini ya nguzo ya Rigaud kumechongwa mwanamke mwenye mizani, Haki mwenyewe, mdogo na nusu gizani, kama mtumishi anayesubiri kuitwa. Fomula hii ilinakiliwa mpaka ikachoka: vizazi vya baadaye vya studio za picha, pamoja na zetu za pwani, viliweka pazia na nguzo ya kuchorwa nyuma ya bwana harusi aliyekodi suti.

Ila ukikuta kitu nyuma ambacho si nguzo wala pazia, simama. Jacques-Louis David alimchora Napoleon mwaka 1812 akiwa ofisini mwake, picha iliyoko National Gallery of Art, Washington. Hakuna kiti cha enzi kilichoinuliwa. Kuna saa, nayo inaonyesha saa kumi na dakika kumi na tatu. Kuna mishumaa iliyokaribia kwisha. Kuna karatasi za sheria mezani, na soksi za Kaizari zina mikunjo. Ni alfajiri, nchi imelala, yeye hajalala. Kilichonichekesha nilipokijua ni kwamba hakuiagiza Napoleon. Aliiagiza bwana mmoja mkubwa wa Uskoti, nchi iliyokuwa vitani naye.

Hatua ya 6: Sasa uso

Umefika. Inua kidevu.

Uso wa Louis ni wa mzee. Mashavu yamelegea. Mdomo umeingia ndani kidogo, kama wa mtu aliyeng'olewa meno, na kweli ya juu mengi yalikuwa yameng'olewa miaka iliyotangulia. Wigi jeusi lenye kilele mara mbili linambeba. Macho yanakutazama bila haraka, na hayatabasamu.

Kwa nini Rigaud aliyeipa miguu ujana hakuupa uso ujana? Kwa sababu wangemcheka. Baraza zima lilimwona mfalme kila siku, akiamka, akila, akilala. Kumvika kilemba cha ukoka usoni kungeiharibu picha nzima, na hata soksi zisingeaminika. Basi uso ukaachwa useme kweli ili vingine vyote visadikiwe. Nikilazimika kutaja ujanja mmoja mkubwa wa Rigaud, nitautaja huo.

Elizabeth I wa Uingereza alikwenda njia nyingine kabisa. Uso wake ulitoka kwenye kiolezo: mchoraji mmoja akishapata uso uliokubalika, wengine waliunakili bila malkia kukaa mbele yao. Mwaka 1596 baraza lake liliamuru picha zake zisizopendeza zitafutwe na kuharibiwa. Kwa hiyo katika picha inayohusishwa na kushindwa kwa manowari za Hispania mwaka 1588, malkia wa umri wa miaka hamsini na kitu ana uso mweupe usio na mkunjo, laini kama yai, katikati ya lulu. Mkono wake uko juu ya tufe la dunia, vidole vikiwa vimefunika Amerika. Wengi wa raia wake hawakumwona maishani mwao, na uso wake haukuwa na shahidi. Kwa Elizabeth uso ni chombo cha enzi kingine, sawa na tufe.

Andika basi: uso huu umeachwa kuwa wa mtu, au umefanywa kuwa wa kiti? Na waliokuwa wakiitazama picha, walimjua kwa macho?

Hatua ya 7: Iliagizwa kwa ajili ya nani, na ikazaa ngapi?

Picha ya Rigaud haikukusudiwa kubaki Ufaransa. Ilikuwa zawadi kwa yule mjukuu, sasa Philip V wa Hispania, mwaka uleule Ulaya ilipokuwa inaingia vitani kwa sababu ya urithi wa kiti hicho. Ilipokamilika, babu aliipenda mno akabaki nayo, akaagiza nakala nyingine. Yaani picha iliyokusudiwa kumkumbusha kijana nani mkubwa haikuondoka, ila kazi yake iliendelea, kwa maana karakana ya Rigaud ilitoa nakala, na kila nakala ikaenda mahali ambapo mfalme hakuweza kwenda mwenyewe. Karakana hiyo iliendeshwa kama biashara kamili: Rigaud aliweka daftari la wateja na malipo ya wasaidizi, na wapo walioshughulikia vitambaa zaidi. Unapokisifu kitambaa cha mfalme, huenda unamsifu kijana aliyelipwa kwa siku.

Waingereza waliupeleka mtindo huu mbali zaidi. Allan Ramsay alipomchora George III na joho la kutawazwa mwanzoni mwa miaka ya 1760, karakana yake iliendelea kutoa nakala kwa makumi, miaka kwa miaka, kwa ajili ya mabalozi na magavana. Gavana akisoma amri makoloni, mfalme alikuwa ukutani nyuma yake. Rudi kwenye duka la vifaa vya ujenzi tulikoanzia: fremu ile ya rais ni mjukuu halali wa biashara hii.

Ukiwa Unguja, mazoezi mazuri yako karibu na Forodhani, ukilikuta wazi, kwenye kasri la zamani la masultani lililofanywa makumbusho mwaka 1994. Humo kuna picha za masultani zilizochorwa kwa namna ya Ulaya, huku mavazi yakiwa ya pwani na Omani. Pita nazo hatua kwa hatua: kimo, miguu, kitambaa, mkono. Angalia kilichoazimwa kutoka London na kilichokataa kuazimwa. Kilemba kimekaa mahali pa taji, na hakionekani kulionea wivu.

Zinapovunjwa kanuni

Siku hizi utakutana na picha rasmi zinazokwenda kinyume. Lucian Freud alimchora Elizabeth II kati ya 2000 na 2001 kwenye kanvasi ndogo kuliko karatasi ya barua, uso umejaa wote, na taji ikabidi iongezewe nafasi juu. Ni picha iliyoanza na uso na kumalizia hapo. Magazeti mengi yalinuna. Jonathan Yeo alimchora Charles III picha iliyofunuliwa Mei 2024, nyekundu yote, sare ikayeyuka ndani ya ukuta, ukabaki uso na mikono na kipepeo begani. Na Kehinde Wiley alipomchora Barack Obama, rais na si mfalme, mwaka 2018, alimketisha kwenye kiti katikati ya majani, pasipo nguzo, bendera wala pazia. Kati ya majani yale kuna maua ya buluu ya yungiyungi la Afrika, kwa ajili ya Kenya ya baba yake. Kwa picha za namna hii hatua zako bado zinafaa, ila swali linageuka: kitu gani kilitarajiwa hapa na hakikuja?

Hatua ya 8: Mvue

Jaribio la mwisho si langu. Mwaka 1840 Mwingereza William Thackeray, mwandishi aliyekuwa pia mchora vikatuni, aliitazama picha ya Rigaud akachora watu watatu waliosimama katika mstari mmoja. Wa kushoto si mtu: ni joho, wigi, upanga na viatu vya visigino, vimesimama vyenyewe. Wa kati ni kizee kifupi chenye upara na kitambi, kimeshika bakora. Wa kulia ni wale wawili wamewekwa pamoja, naye ni Louis XIV.

Fanya hivyo kwa picha yoyote uliyoichagua. Gawa karatasi sehemu tatu. Kushoto chora vitu vyote vilivyobaki mtu akiondoka. Katikati mchore mtu, kwa kutumia yale tu unayoyajua kumhusu kutoka nje ya picha: umri, kimo, ugonjwa. Kulia usichore kitu, acha picha yenyewe ikae hapo.

Ukimaliza, rudi kwa Rigaud mara moja tu na utazame mdomo ule ulioingia ndani. Kizee cha katikati Thackeray hakukibuni. Rigaud alikuwa amekiacha palepale, juu kabisa, mahali ambapo watu hufika wakiwa wameshachoka kuhesabu mikia.